Mng'oko Ulio Hai

Ninyi wenzangu mliokuzwa kwa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, mkalala watoto wa nyumba nzima juu ya mkeka mmoja, huyu kakuvutia shuka na yule kakuwekea kisigino puani, mtanielewa nikisema kwamba hata njaa ya wakati wetu ilikuwa na utamu wake. Nikiwaambia hivyo wajukuu wanacheka. Wanasema, bibi, njaa ina utamu gani. Basi nawaacha wacheke, maana wao wakikosa chipsi jioni moja nyumba nzima inajua.

Sisi wa Rondo, mvua zikielekea ukingoni, ghala lilikuwa limebaki vumbi na panya waliokonda, na mtama shambani bado kijani. Hapo ndipo tulipokwenda porini kuchimba ming'oko, na siku ya ming'oko kwetu watoto ilikuwa kama sikukuu. Shule siku hiyo haikunipata. Mwenyewe sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, nikajua kusoma na kuandika barua, hesabu zikanishinda kwa sababu mwalimu wetu alikuwa akifundisha kwa fimbo na mimi nikiona fimbo nasahau hata jina langu. Lakini kuchimba ming'oko hakuna aliyenishinda.

Asiyeijua ming'oko nimweleze. Ni mizizi ya mtambaa wa porini, myembamba, mirefu, imepindapinda kama vidole vya bibi kizee. Ukiichemsha na chumvi inakuwa laini, tamu, unaimenya ganda kwa meno. Siku hizi inauzwa barabarani kwenye mifuko, imenyunyiziwa pilipili, na vijana wanaitafuna huku macho yao yako kwenye simu, maganda wanayatupa walipokaa. Nikiwauliza mmea wake ukoje, hawaujui. Wanadhani inaota kwenye beseni la yule mama anayeuza.

Wakati wetu ulikwenda mwenyewe. Ulitafuta mtambaa uliokwea mti, ukaufuata kwa mkono mpaka unapozama ardhini, ukachimba na mti mgumu uliochongwa ncha. Ukishakaribia, mti unauweka pembeni, kwa sababu mti unavunja. Unaingiza mkono. Macho hayafiki kule chini, unapapasa tu mpaka kwapa linagusa nchi, unaushika mng'oko shinani na kuuvuta taratibu kama unayemtoa mtoto usingizini. Halafu kichwa cha mzizi unakirudisha, na shimo unalifukia. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Alikuwa akisema, "Ardhi haiachwi mdomo wazi." Ukimuuliza kwa nini, anakwambia fukia kwanza, utauliza baadaye. Baadaye yenyewe haikufika.

Bibi ndiye aliyekuwa mkunga wa vitongoji vyetu. Mwanamke akishikwa na uchungu, Mwislamu au Mkristo, aliitwa yeye. Tuliishi kwake, kama ilivyo desturi yetu kwamba watoto ni wa upande wa mama, na baba yangu alikuwa huko chini kwenye mashamba ya mkonge, anarudi mara mojamoja na sukari kwenye kitambaa. Mama alikuwa na mimba mwaka huo. Niseme wazi, kati yangu mimi na mimba ile mama alishazika watoto. Hakuwa akiyasema hayo. Ila nyumbani mwetu palikuwa na nguo ndogo zilizokunjwa ndani ya kikapu juu darini, na hakuna mtoto aliyeambiwa ni za nani.

Mwenye mimba wakati ule alikuwa na miiko mingi kuliko askari. Asisimame mlangoni, mtoto atakwama. Asile mayai, mtoto atatoka na upara. Asimcheke kilema. Asimtazame nyoka. Mama aliifuata yote, hata ule wa mayai, na jinsi alivyokuwa anapenda mayai. Aliyekuwa anaisimamia hasa ni mama mkubwa Somoe, dada yake, mwanamke mnene mwenye sauti iliyotangulia kufika kabla yake. Alimpenda mdogo wake, msinielewe vibaya. Ila kupenda kwake kulikuwa kwa kutisha watu.

Basi siku hiyo tulikuwa korongoni, chini ya miti mikubwa, mahali ambapo majani yalioza juu ya majani na udongo ulikuwa mweusi, laini, ukiukanyaga unarudi juu. Wanawake walikuwa wanachimba huku wanataniana. Mama amepiga magoti, tumbo limemzuia, mkono umeingia shimoni wote.

Mama mkubwa akamwambia, "Mama Zuhura, tumbo hilo litafika chini kabla ya mkono."

"Acha litangulie," mama akasema. "Lina njaa kuliko mimi."

"Na wewe Zuhura unatazama nini, shika miguu ya mama yako asizame."

Zuhura ndiye mimi. Nikaishika miguu ya mama, tunacheka wote. Kisha mama akasema, "Huu mmoja umenona." Akauvuta taratibu, kama nilivyoeleza. Nikamwona amekunja uso. Akasema kwa sauti ya chini, "Mbona unanivuta na wenyewe?" Akautoa.

Haukuwa mng'oko. Kilianguka juu ya majani kikajinyonganyonga, na sisi wote tukaruka nyuma isipokuwa mama, ambaye hakuweza kuruka na tumbo lile.

Nilimwona vizuri yule mnyama, na kwa kuwa wengi wenu hamjamwona nitamweleza kama alivyokuwa. Urefu wake kama kutoka kiwiko changu cha sasa mpaka kiganja, unene wa kidole gumba. Mgongoni rangi ya wingu la mvua, nyeusi inayoelekea ubuluu, na tumboni waridi hafifu kama ndani ya mdomo wa mtoto. Mwili mzima una pete, pete, pete, kama nyungunyungu, ila nyungunyungu hang'ai vile. Huyu alikuwa kama aliyepakwa mafuta. Magamba hana. Miguu hana, hata alama ya mahali ambapo miguu ingekaa. Macho nayo nikayatafuta sikuyaona. Na mkia hana, au niseme mkia na kichwa vimefanana, butu huku na butu kule, mpaka alipofumbua kinywa, kadomo kadogo kamejificha chini ya pua, ndipo nikajua anaelekea wapi. Alinuka udongo uliolowa. Akatafuta penye majani mengi, akatia kichwa, akazama huku tunamtazama, kama sindano inavyozama kwenye kitambaa.

Sisi watoto baadaye tulimpa jina, mng'oko ulio hai. Wakubwa walimwita nyoka wa vichwa viwili na kutema mate.

Mama alikuwa bado amenyoosha ule mkono, haugusi kitu, ute unang'aa vidoleni. Mama mkubwa akamvua kanga ya begani akamfuta nayo, akaitupa kanga yenyewe. Kanga nzuri tu, bado mpya. Akasema, "Umemtazama?"

"Nimemshika, dada."

"Nakuuliza umemtazama?"

"Ningemshikaje nisimtazame?"

Mama mkubwa akakaa chini. Na hapo, mbele yangu mimi mtoto na mbele ya wanawake wote, akalisema. Kwamba mwenye mimba akimshika yule, mtoto tumboni anachukua umbo lake. Anatoka laini, mviringo, hana mikono, hana miguu. Akasema aliwahi kusikia imetokea upande wa Nyangamara. Mambo yote mabaya ya mama mkubwa yalitokea upande wa Nyangamara, sijui watu wa huko walimkosea nini.

Tukarudi nyumbani na vikapu nusu. Shimo tuliliacha kama lilivyo.

Tangu siku hiyo mama akabadilika. Zamani alikuwa na mchezo wa kuligonga tumbo kwa vidole akisema hodi, na mimi nasikiliza kama mtoto atajibu. Akaacha. Uji alikuwa anaushika mkononi mpaka unapoa. Tukicheza mdako uani, vijiwe vinarushwa juu, mwenzako anakuibia kimoja unamkimbiza mpaka kwenye mihogo, mama yeye ananitazama mikono. Mikono yangu tu. Mimi nikadhani nimeichafua, naificha nyuma.

Jioni moja nilikuwa nachambua kisamvu karibu na jiko. Bibi anapepeta. Mama akasema bila kumtazama, "Mama, akitoka kama yule, mtamfanyaje?"

Mwaelewa swali lile, ninyi wa umri wangu. Vijana huenda wasilielewe. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuonyeshwa watu. Alizaliwa, na kesho yake ukiuliza unaambiwa hakuzaliwa mtoto. Na mikono iliyofanya hivyo ilikuwa ya wakunga. Mama alikuwa anamuuliza mama yake mzazi, ambaye ndiye angekuwa mkunga wake, kama angemwachia mtoto wake.

Bibi akaendelea kupepeta. Pumba zinaruka. Akasema, "Maji ya kuoga yamechemka."

Mama akanyanyuka akaenda kuoga. Kule bafuni, ambapo pamezungushiwa makuti tu, nilimsikia anamwaga maji ili tusimsikie analia.

Asubuhi yake bibi akaja mlangoni na jembe. Akasema, "Mama Zuhura, lile shimo mlilifukia?"

"Tulikimbia, mama."

"Basi twende."

Mimi nilidhani ni ule ukali wake wa siku zote, na kusema kweli mpaka leo sijui kama alikuwa na wazo jingine. Bibi hakuwa mtu wa kukufungulia moyo. Mama hakutaka kwenda, akasema miguu imevimba. Bibi akamwambia miguu iliyovimba inatembea, iliyokufa ndiyo haitembei. Tukaenda watatu, taratibu, mama akishika bega langu. Njiani hakuna aliyesema neno, na mimi siku za kunyamaza nilikuwa nahesabika mgonjwa.

Shimo tulilikuta limeanza kujaa majani. Bibi akapiga magoti, akavuta udongo wa ukingoni kwa mikono alifukie. Donge moja likabomoka, na nyuma yake pakawa na uwazi, kama chumba kidogo ambacho mtu angeweza kuwekea ngumi. Yule mnyama alikuwa ndani, amejizungusha kama kata ya kubebea mtungi. Na hakuwa peke yake.

Alikuwa na vitoto. Vyembamba kama nyuzi za mkeka, vyeupevyeupe, vingi, vimemlalia mwili mzima. Mama aligeuza uso haraka. Mimi sikugeuza, nani angenigeuza.

Nikasema, "Bibi, wanamla."

"Nani anamla nani?"

"Watoto. Wanamla mama yao."

Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa udongo, maana macho yake yalishaanza ukungu. Akatazama muda mrefu. Ni kweli walikuwa wanamla. Vile vitoto vilikuwa vimeng'ang'ania ngozi yake kwa vinywa, vinabandua, vinajipindua, vinabandua tena. Ngozi ya juu ilikuwa imepauka, imekuwa nene kidogo kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na chini yake alipobanduliwa palikuwa na ngozi nyingine nzima. Damu haikuwepo. Na yeye ametulia. Angeweza kuondoka, tulishamwona jinsi anavyozama ardhini akitaka. Hakuondoka. Hata mwanga ulipomwingilia alijisogeza tu, akawaziba.

Bibi akasema, kama anaongea na nafsi yake, "Anawanyonyesha."

Mama akageuka. Akapiga magoti polepole, mkono mmoja mgongoni, akatazama na yeye. Mimi namtazama mama, nangoja alie. Hakulia. Akasema, "Hana hata mkono wa kuwapakatia."

"Hana," bibi akasema.

"Na wao hawana."

"Hawana."

Nyani walikuwa wanagombana huko juu kwenye miti, nakumbuka, wanaangusha vijiti. Kisha mama akasema, na safari hii alikuwa anamtazama bibi usoni, "Akitoka vyovyote, mama, utanipa mimi. Usimpeleke popote. Utanipa."

Bibi akachuma majani makavu akayapanga juu ya kile chumba, moja moja, kama anafunika chungu. Akaweka udongo laini juu ya majani, ule mzito akauweka pembeni. Akakung'uta mikono. Akasema, "Nitakupa."

Bibi hakuwa na tabia ya kurudia neno, akisema mara moja limekwisha. Tuliporudi mama alikula uji wake na wa kwangu.

Mtama ulikomaa, tukauvuna, tukauanika uani. Nilikuwa nafukuza kuku na fito ndefu, kazi niliyoichukia kuliko zote kwa kuwa kuku hakomi, siku ambayo uchungu ulimjia mama. Ilikuwa mchana, jua limekaa katikati. Mama mkubwa Somoe alifika mbio, sauti yake mbele. Mimi nikaambiwa nilete maji, nikaleta, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunitoa, nikabaki nimebanana na mtungi.

Sitaeleza mambo ya uzazi, si adabu kuyaandika. Niseme tu ilichukua muda, na mama alikuwa amefumba macho tangu mwanzo. Mtoto alipotoka alikohoa kwanza, halafu akalia. Bibi akampokea, akamfuta, akamzungushia kanga palepale mpaka shingoni. Akafungua mdomo kusema.

"Usiniambie kitu, mama," mama akasema, macho bado yamefumbwa. "Nipe."

Bibi akampa. Mama akamweka kifuani, akamtafutia titi kwa kupapasa. Mtoto akalishika.

Mama mkubwa alikuwa anahangaika kama aliyekalia siafu. Anamtazama bibi, bibi anaosha mikono. Anaitazama kanga. Mwisho akashindwa. "Jamani, mdogo wangu. Mfungue tumwone."

"Bado."

"Wewe humtazami mwanao?"

"Nitamtazama akishiba."

Basi tukakaa. Nyumba nzima ya wanawake imenyamaza inasikiliza mtoto akimeza. Huko nje kuku wanakula mtama wetu, nawasikia, na sikuthubutu kutoka. Mtoto akanyonya, akapumzika, akanyonya tena. Mama anamwimbia kidogokidogo, si wimbo hasa, mguno tu. Halafu kanga ikalegea, na mguu ukachomoza. Mguu mkubwa, jamani, mwekundu, una kisigino kama cha mtu mzima. Ukarusha teke hewani. Mama mkubwa akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakampita katikati ya vidole. Mama hakuuona mguu ule. Alikuwa bado amefumba macho, ananyonyesha.

Huyo ndiye mdogo wangu Bakari. Yuko Kiranjeranje, analima ufuta, na mpaka leo viatu vya kumtosha havipatikani madukani, anavaa kandambili visigino viko nje. Mama mkubwa alimpenda kuliko sisi wote, alikuwa anamwita mchumba, na akimpa ndizi anatuambia sisi wengine tukachume zetu.

Mjukuu wangu mmoja, msichana, Rehema, naishi naye hapa Lindi mjini. Nilipomsimulia habari za yule mnyama alichukua simu, akabonyezabonyeza, akanionyesha picha. Ni yeye kabisa, na pete zake. Akaniambia, "Bibi, huyu si nyoka. Si mnyoo pia. Ni ndugu yake chura." Nilicheka mpaka nikakohoa. Chura asiye na miguu. Lakini nikafikiri, ule ute na lile tumbo la waridi, huenda ni kweli. Kule korongoni sasa hivi jua linafika chini, miti ilikwenda kuwa mkaa na mbao, udongo umekuwa mgumu, na wanaochimba ming'oko ya kuuza wana haraka.

Rehema naye ana mimba. Walimpiga picha hospitali, akaja nayo, akanionyesha mtoto amekunja ngumi, huu mkono, huu mguu, huu uti wa mgongo. Nilimshukuru Mungu, na nilistaajabu. Wakati wetu tungeipata picha ile, mama yangu asingelia bafuni. Sisemi ya zamani yalikuwa bora. Ya zamani yalizika wengi, na mengine yalikuwa ya kutisha, nimewaambia. Lakini Rehema haachi kuitazama ile picha. Asubuhi anaitazama, akila anaitazama, anaikuza kwa vidole, ananiuliza, bibi, pua hii si kubwa mno, bibi, kichwa hiki mbona hivi. Wenzake kwenye simu nao wanatoa maoni yao. Mtoto hajazaliwa, ameshakaguliwa na mji mzima.

Nami nakaa pembeni namenya muhogo, namkumbuka mama yangu alivyokuwa amefumba macho mchana ule, mtoto anameza, na sisi wote tunangoja ashibe.